Kundi Lililotua kwenye Baiskeli

Mzee wa nyuki alikuwa anaogopa sindano. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu wa Koboko, huku mpakani na Kongo na Sudan Kusini, wakimtaja siku hizi humtaja kama mtu wa kutisha, na mimi nimemwona kwa macho yangu akirudi nyuma hatua tatu kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Alikuwa akiniletea shati lililong'oka kifungo, analiweka kwenye kizingiti cha kibanda changu cha kushonea, halafu anavuka barabara kwenda kusimama upande wa pili mpaka nimalize. Nikimwita, anauliza kwanza: "Sindano iko wapi?" Namwonyesha nimeichomeka kwenye sponji. Hapo ndipo anavuka. Na mikono anayoinyoosha kupokea hilo shati ina alama za nyuki kuanzia kwenye kucha hadi kiwikoni.

Siku moja nikamtania. "Mzee, nyuki wote wale huogopi. Kisindano kimoja unakimbia barabara?"

"Nyuki akiniuma anakufa," akasema. "Wewe ukiniuma utabaki, utauma na mwingine."

Nilicheka sana siku hiyo. Sasa hivi nikiikumbuka siwezi kucheka.

Alikaa Lurujo, nje ya mji, na mizinga yake kumi na mmoja aliitundika kwenye miti nyuma ya shamba lake la mihogo. Aliisuka mwenyewe kwa fito, akaikandika kwa kinyesi cha ng'ombe, akaifunika kwa nyasi. Mjini alikuja kwa miguu, na alikuja kwa sababu mbili tu: kuuza asali, au kuitwa. Kundi la nyuki likitua mahali ambapo watu hawalitaki, kwenye dirisha la shule, kwenye nguzo ya stima, chini ya meza ya muuza nyama, mtu anatumwa Lurujo. Naye anafika na kapu lake na kopo la kinyesi kikavu kinachofuka moshi, hana glavu wala kitambaa cha uso, na neno lake la kwanza siku zote ni moja: "Nyamazeni kidogo."

Hasemi kwa sauti kubwa. Lakini nimeona soko zima likikaa chini kwa neno hilo.

Kuna mwaka nyuki walitua kwenye kipaza sauti cha msikiti, katikati ya Ramadhani, jua likielekea kuzama. Watu wana njaa, tende ziko mkononi, na muadhini anaogopa kusogea. Vijana wakaleta petroli. Mzee alipofika aliuliza ni nani mwenye petroli, akaichukua chupa, akaikalia. Kweli, akaikalia, akaanza kueleza kana kwamba hakuna aliyefunga.

"Hii kundi haina hasira," akasema. "Imekula asali, imeshiba, imebeba chakula ya njiani. Nyuki yenye nyumba ndiyo inauma, kwa sababu iko na kitu ya kuchunga. Hii hapana. Hii inatafuta nyumba tu."

Kisha akapanda ngazi, akaingiza mkono wazi ndani ya lile fundo jeusi linalotembea, akapapasa polepole mpaka akampata yule aliyemwita mama yao. Akamweka kapuni. Wengine wakafuata wenyewe. Tukafuturu tukiwa tumechelewa kidogo, na sala ilipoisha imamu akawa anacheka peke yake.

Msidhani alikuwa mtu mtamu. Alikuwa na gubu. Asali hakumuuzia mtu asiyempenda, hata angetoa bei mara mbili, na sababu zake za kutompenda mtu zilikuwa za ajabu: huyu anajipaka manukato mengi, yule anapiga mlango wake. Lakini mtoto mwenye kikohozi alipewa bure, na mama yake akithubutu kutoa pesa anafokewa. Mimi aliniambia mara nyingi kwamba nina mdomo mkubwa. "Binti, hiyo cherehani inanyamaza usiposukuma. Wewe je?" Na ni kweli, nina mdomo. Kiswahili changu nilikinyoosha Nakuru, nilikokaa miaka sita kwa shangazi nikijifunza kushona, nikarudi nyumbani nikijiona najua kusema kuliko watu wote wa soko. Cha kwake kilikuwa kile cha kambini, cha zamani, alichokipata jeshini kama baba zetu wengi. Maneno yalikuwa machache lakini yalimtosha.

Jambo ambalo sikulielewa kwake ni hili. Mtu aliyeweza kuingiza mkono kwenye kundi la nyuki hakuweza kukaa kwenye kundi la watu. Harusini haendi, anatuma salamu na kuomba sahani yake iletwe nyumbani. Mpira haangalii. Sala ya Idi alisimama mstari wa mwisho kabisa, karibu na viatu. Ukiwa naye peke yako ataongea mpaka uzi ukuishie mkononi. Akija mtu wa tatu anapunguza. Akija wa nne anaaga.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Mutu akiwa peke yake anakuuliza jina lako. Wakikuwa wengi hawaulizi. Mimi nilikuwa jeshini, binti. Mimi pia sikuuliza."

Sikumchimba zaidi.

Mwaka ule watu walipomiminika kutoka Sudan Kusini na magodoro vichwani, sisi wa sokoni tuliwatazama wakipita tukasema makundi haya yatatumaliza. Nami nilisema, tena kwa sauti. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi langu akisubiri suruali. Akainuka, akaenda akachanganya asali na maji kwenye jerikeni lake, akasimama kando ya barabara akawa anawapa vikombe, yeye aliyeogopa watu wanne. Aliporudi aliniambia yale yale aliyosema msikitini. "Hii kundi haina hasira. Inatafuta nyumba." Halafu akaongeza: "Wewe mama yako alikubeba mgongoni mpaka Aru, ng'ambo, Kongo. Nani aliwapa maji?"

Niliona haya, nikasema nimesikia. Hayo ndiyo masomo niliyopewa kabla ya kosa langu, kwa hiyo sina pa kujificha.

Sasa nifike pale ninapopazunguka. Huku kwetu watu wengi wanaamini kwamba ukiibiwa unaweza kumwendea mtu anayejua, akatuma nyuki wamfuate mwizi, wakamkalia mpaka arudishe kitu. Nimewasikia watu wazima, wenye shule, wakiapa kwamba wameona. Na kwa kuwa Mzee alikuwa na nyuki, walimwendea na maombi hayo, naye aliwafukuza wote. "Nyuki hapana polisi," aliniambia. "Nyuki hapana jua kuku yako." Alikasirika mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mimi nilikuwa najua vizuri kuliko mtu yeyote wa soko lile kwamba hatumi nyuki.

Basi nikaibiwa. Asubuhi moja nilifungua kibanda nikakuta meza ya cherehani ipo na kichwa chake hakipo. Kufuli halikuvunjwa. Hilo peke yake lingenitosha kufikiri, lakini sikufikiri. Nilitoka nje nikasimama katikati ya soko, nikapaza sauti mpaka wauza samaki wakaacha kazi: "Aliyechukua anisikie. Nakwenda Lurujo kwa Mzee wa nyuki. Utaona."

Sikwenda. Nilikuwa nimetishia tu, kama watu wanavyotisha. Niliwaza mwizi akiwa karibu ataogopa na kukirudisha usiku. Nilitumia jina la mtu kama fimbo, bila kumuuliza mwenye jina.

Zikapita kama siku kumi. Mvua za kwanza zikanyesha, na kila mtu anayejua nyuki anajua kwamba mvua za kwanza ndipo wanapogawanyika na kuhama. Siku ya gulio, jua limewaka vizuri, kundi likaja likizunguka juu ya soko na uvumi wake ule, likashuka, likatua kwenye usukani wa baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa mtu mzima aliyetoka Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, aliyekuja kila wiki kuuza mitumba. Tulimjua kwa sura. Aliwahi kununua uzi kwangu.

Akatokea wa kwanza kusema, na sitasema ni nani, kwa sababu baada yake walisema wote. "Ni wale nyuki wa fundi. Wamemshika."

Nisingeamini watu wanaweza kukusanyika haraka hivyo. Waliacha mizani, waliacha nyama, waliacha watoto. Yule mtu akawa anarudi nyuma, mikono ameinua, anasema, "Mimi hapana jua, mimi hapana jua." Mtu akamshika kola. Wakaniita nije nione mwizi wangu. Nikaenda. Nilikuwa nimevaa futi yangu ya kupimia shingoni.

Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, Mzee alikuwa mjini siku ile na asali yake. Watu walipomwona wakampisha kwa furaha. Mmoja akasema mwenyewe amekuja kuchukua askari wake. Mzee akasimama akatazama baiskeli, akatazama yule mtu, akaelewa. Nilimwona akianza kutetemeka mikono, kwa sababu ya watu. Nyuki hawajawahi kumtetemesha.

"Nyamazeni kidogo," akasema. Wakanyamaza. "Mimi sikutuma kitu. Nyuki haitumwi. Hii inatafuta nyumba."

"Fundi alikuja kwako," wakasema. "Alisema hapa hapa, sote tulisikia."

Mzee akanigeukia. Hakuwa na shaka nami hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wako. "Muulizeni huyu," akasema. "Binti, ulikuja kwangu?"

Neno moja. Sikwenda. Silabi tatu tu, na mimi mwenye mdomo mkubwa.

Nilitaka kulisema, naapa. Lakini macho yote yalikuwa juu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niibiwe watu wote walikuwa upande wangu. Nikaona nikisema sikwenda nitaonekana mwongo na mpayukaji. Na ndani kabisa, hapa ndipo pananichoma, kulikuwa na sauti ndogo inayosema, huenda kweli ni yeye. Huenda kweli nyuki wanajua. Nikaangalia chini. Nikaanza kuikunja futi yangu, taratibu, kana kwamba ina haraka ya kukunjwa.

Wakachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Walimpiga yule mtu wa Omugo. Mzee alijitupa juu yake, wakamvuta, wakamsukuma, baiskeli ikaanguka, na nyuki ambao hawakuwa na hasira wakapata sababu. Waliuma kila waliyemfikia. Watu wakakimbia, na wakati wakikimbia hadithi ikabadilika: Mzee amewaachia nyuki makusudi. Mwizi ni wake. Wamegawana. Yule mtu aliondoka amevunjika mkono, Mzee amemshika bega, wakaifuata barabara ya Lurujo kwa miguu. Mimi nilikuwa nimejifungia kibandani, sijaumwa hata na mmoja.

Wiki hiyo hiyo mizinga yote kumi na mmoja ilichomwa moto. Wakubwa wa soko wakamwambia asikanyage tena siku za gulio, eti kwa usalama. Asali yake haikununuliwa tena. Na tangu hapo kundi likitua mahali hawaendi Lurujo, wanaleta petroli. Nimeona wakichoma moja kwenye ukuta wa msikiti ule ule. Lilianguka chini kwa mafungu, likiwaka, na hakuna aliyekaa juu ya chupa. Mimi nilikuwa napita na mzigo wa vitambaa. Nilipita.

Mnasubiri kusikia cherehani. Wiki tatu baadaye nilikwenda Arua kununua vitambaa, nikaingia kwa fundi mmoja tunayejuana kuulizia vifungo, na mbele yake nikaona kichwa cha cherehani yangu. Kina mkwaruzo ubavuni, nilikiangusha mwenyewe nikiwa na mimba. Nikauliza kimetoka wapi. Fundi akasema bila wasiwasi: "Ndugu yako aliniuzia. Si alisema umenunua kipya?"

Mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja, mwenye ufunguo wa kibanda. Nililipa vifungo, nikatoka, nikakaa kwenye stendi ya mabasi mpaka basi likaniacha. Nilirudi Koboko siku ya pili nikiwa nimeamua jambo moja, nalo lilikuwa kunyamaza. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, labda Mungu ataniwia radhi. Mara ya pili nilinyamaza kwa hesabu zangu: ndugu yangu angepigwa, na mimi ningechekwa. Mdogo wangu sikumwambia kwamba najua. Tukawa tunakula pamoja sikukuu.

Yule mtu wa Omugo nilimtafuta mara moja, miaka miwili baadaye, nikiwa na shati jipya nililomshonea kama mpumbavu. Waliniambia amehamia makazi mengine, hawajui ni yapi. Shati ninalo bado.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilisikia Mzee anaugua macho. Nikapanda bodaboda mpaka Lurujo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, amekonda, ukungu umemjaa machoni. Chini ya paa lake kulikuwa na mzinga mmoja, umetundikwa karibu sana na mlango, mahali ambapo mtu wa kuja na kiberiti angepaswa kumpita yeye kwanza. Binti yake mkubwa alinipa kigoda, hakunipa mkono.

"Nani?" Mzee akauliza.

"Mimi, fundi."

"Sindano iko wapi?"

Nikasema sikuja nayo. Akatikisa kichwa, ameridhika. Nikaanza kusema. Nilisema vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. Nilisema kufuli, Arua, mkwaruzo, mdogo wangu. Nilisema naona haya, Mzee, kila siku naona haya. Aliniacha nimalize.

"Najua," akasema. "Ndugu yako alikuja hapa. Mwaka wa pili tu. Alilia sana, nikampa chai."

Nilikaa pale kwenye kigoda nisijue pa kuweka mikono yangu. Mwizi alifika kabla yangu. Miaka yote ile nilijiona ninamfichia, kumbe yeye alishakuja kwa miguu yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki.

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Kwa nani? Mutu akijisafisha mwenyewe nani anamwamini? Na yule kijana angeuawa." Akanyoosha kidole upande alikosikia hatua za binti yake. "Mimi nimezeeka, mimi hapana taka kitu. Lakini huyu anapeleka mboga yake Koboko, watu wanaruka meza yake. Watoto wake wanaitwa ya mchawi. Mimi nilikuwa nangoja wewe, kwa sababu wewe ndiye uliulizwa."

Nikasema nitakwenda, nitawaambia. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka, ni lile lile la zamani, la nakwenda Lurujo.

Naye akalisikia. Akapapasa fimbo yake, akasimama. "Leo gulio," akasema. "Twende."

Binti yake akamkataza, akasema wamemkataza sokoni, na macho hana. Alikuwa tayari anaipapasa njia kwa fimbo. Tulichukua bodaboda mbili. Njiani niliomba moja iharibike, nawaambia ukweli, niliomba ipasuke gurudumu.

Haikupasuka. Tulishuka kwenye kona ya wauza mitumba, pale pale. Mzee alinishika mkono juu ya kiwiko. Watu wakaanza kutuona. Wakasogea, kwanza wachache, halafu wengi, na nikahisi anapungua pembeni yangu jinsi wanavyoongezeka, lakini hakuaga. Akangoja mpaka wakawa kundi.

"Nyamazeni kidogo," akasema.

Wengine sidhani walikuwa wamelisikia neno hilo tangu utotoni. Wakanyamaza. Akaniachia mkono.

"Haya, binti. Ulikuja kwangu?"

"Sikwenda," nikasema.

Mama mmoja wa nyanya, nyuma kabisa, akasema hasikii.

Nikarudia, kwa sauti ile ile niliyomtishia nayo mwizi.